Siku Ardith Alipolifunga Daraja

Jumanne ya kwanza ya Agosti, ilipokaribia saa tatu asubuhi, Ardith Sedlak alikuta uwanja wa kuegesha magari wa jengo la mahakama umejaa pikapu mpaka kwenye nyasi. Kwa kawaida mkutano wa mwezi wa bodi ya Kaunti ya Sorrel ulikuwa na wajumbe watano, karani, mwandishi wa gazeti la mji wa Vesta, na mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya kahawa ya bure. Siku hiyo watu walikuwa wamebanana hadi kwenye ngazi, kofia za kampuni za mbegu zimewakaa vichwani, mikono imekunjwa vifuani. Alipowapita, mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja ambaye Ardith alimbeba kwenye basi la shule tangu akiwa wa chekechea alimtazama toka juu hadi chini, kisha akageukia ukuta.

Alijua wamefuata nini. Ajenda ilikuwa na mambo tisa, lakini watu wote hao walikuwa wamefuata moja tu, la nne: kulifunga daraja la Kijito cha Badger, au kuliacha.

Ng'ambo ya kijito hicho kulikuwa na nyumba kumi na moja. Daraja likifungwa, watu wake wangelazimika kuzunguka maili kumi na moja kwa barabara ya kaskazini ili kufika Vesta, na mavuno ya mahindi yalikuwa yamebakiza wiki saba. Katika nyumba hizo kumi na moja, ya kwanza ukishavuka daraja ilikuwa ya Leland Hruska, kaka yake Ardith wa tumbo moja, na ndiyo nyumba waliyozaliwa wote wawili.

Leland ndiye aliyemwingiza kwenye bodi. Miaka miwili nyuma, Ardith alipostaafu udereva wa basi la shule baada ya miaka ishirini na sita, naye akiwa mjane anayeongea na redio, Leland alimwambia, "Ardi, wewe unaijua kila barabara ya kaunti hii na kila shimo lake. Dwaine Pospisil hajui hata njia ya kwenda chooni mpaka aunde kamati." Akamtengenezea mabango. Akabisha hodi milango yote kumi na moja kwenye theluji ya Februari. Ardith akasimama jikoni kwa kaka yake, kolachi, vile vikate vitamu vya plamu, ziko mezani, akawaambia majirani waliokusanyika kwamba yeye akiwa mjumbe, daraja la Badger litabaki.

Alisema kwa moyo mmoja. Wakati huo alikuwa hajashuka chini ya daraja.

Alishuka katikati ya Julai. Mhandisi wa kaunti, kijana mpole aitwaye Sandoval, aliwaalika wajumbe wote watano waje waone kwa macho yao. Alikuja Ardith peke yake, amevaa viatu vya mpira vya marehemu mumewe. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya matope. Sandoval alimpa bisibisi, akamwambia aichome nguzo ya mbao, popote atakapo. Ardith alichagua nguzo iliyoonekana nzima kuliko zote. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini bila kubisha, kama inaingia kwenye siagi iliyotolewa nje ya friji.

"Ziko ngapi hivi?" aliuliza.

"Sita kati ya kumi na mbili. Na hiyo siyo mbaya zaidi, mama."

"Na basi la shule?"

Sandoval alijikuna shingo. "Mimi nisingelipitisha hata likiwa tupu."

Ardith alisimama pale maji yakimpita vifundoni, akahesabu moyoni. Mara mbili kwa siku, siku mia na themanini kwa mwaka, miaka ishirini na sita. Watoto wa watu nyuma yake, wanaimba, wanarushiana maganda ya machungwa. Akamrudishia Sandoval bisibisi yake.

Alipotoka huko alipita kwa miguu mbele ya geti la Leland. Wifi yake Marcene alikuwa anaanika mashuka, akampungia mkono. Ardith akapunga naye, asipunguze mwendo. Alijiambia ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote.

Basi ndiyo hiyo siri aliyoingia nayo ukumbini ile Jumanne, na alikuwa ameibeba wiki mbili nzima.

Dwaine Pospisil, mwenyekiti, alipiga nyundo yake ya mbao. Alikuwa mtu mnene wa miaka sabini, ana sauti ya chini kama mtu anayezungumza hospitalini, na miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile ilimfanya aone kila anayeuliza swali kuwa anamchelewesha. Yeye na Leland hawakuwa wakisalimiana. Zamani Leland alikodi shamba la mjane mmoja miaka kumi na mitano, akaliweka vizuri, akalichimbia mitaro. Mjane alipofariki, wanawe wakampa Dwaine. Tangu hapo, wakikutana kwenye ghala la nafaka, mmoja huangalia mzani na mwingine huangalia angani.

"Kila mtu dakika tatu," Dwaine alisema. "Jina na anwani. Hakuna kupiga makofi."

Wakaja mmoja mmoja. Mama kijana alisema watoto wake watakaa kwenye basi saa moja na robo kila asubuhi, na mdogo ana miaka mitano na anatapika garini. Mzee Norbert, mwenye miaka themanini na mbili, aliinua fulana yake mbele ya watu wote akaonyesha kovu la upasuaji wa moyo. "Gari la wagonjwa linifikie kwa dakika ngapi?" aliuliza. "Ninyi niambieni tu, nijipange kufa kwa ratiba." Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko chenye meno.

Kisha akaja Leland. Hakuvua kofia.

"Jina na anwani kwa ajili ya kumbukumbu," karani alisema.

"Jina langu unalijua, Phyllis. Nilikutoa kwenye mtaro na trekta langu mara mbili."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, Leland."

Akalitaja. Kisha akapashika mahali pa kusemea kwa mikono yote miwili, kama anataka kupang'oa. "Sikuja kuongea na Dwaine. Huyo alishaamua kabla ya kuambiwa jambo lenyewe. Nimekuja kuongea na dada yangu."

"Unaongea na bodi, bwana Hruska," Dwaine alisema. "Huongei na mtu mmoja."

"Haya, naongea na bodi, ile sehemu yake iliyovaa blauzi ya bluu."

Vicheko vilipita nyuma. Leland hakucheka.

"Ardi. Ulikuja jikoni kwangu ukala chakula changu ukasema daraja litabaki. Mimi nikayachukua maneno hayo nikayapeleka mlango kwa mlango, na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Hawa watu hawakukupigia kura wewe. Walinipigia mimi. Sasa niambie hapa hapa mbele yao, litabaki au halibaki?"

"Wajumbe hawajibu maswali wakati wa maoni ya wananchi," Dwaine alisema.

"Najua mdomo anao. Nimemsikia akiutumia tangu ana mwaka mmoja."

"Nitajibu kwenye kura," Ardith alisema.

"Hilo ni jibu la Dwaine hilo," Leland alisema, akarudi ukutani.

Phyllis akaanza kuita majina kwa kufuata alfabeti, mwenyekiti akiwa wa mwisho kama desturi. Bartunek akasema ndiyo, lifungwe. Fenske akasema hapana. Kment, ambaye mpwa wake aliishi ng'ambo, akasema hapana kwa sauti ya juu ili isikike mpaka kwenye ngazi. Kila mtu ukumbini alijua hesabu. Ardith akisema hapana, hoja imekufa. Akisema ndiyo, Dwaine atamalizia.

"Sedlak."

"Nataka kusema neno kwanza," Ardith alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Nimeshuka chini ya lile daraja. Nguzo sita zimeoza. Sijaambiwa, nimezichoma kwa mkono wangu. Nimevusha watoto wenu pale miaka ishirini na sita, na wengine wenu mlikuwa hao watoto. Nyumba kumi na moja zikizunguka, zinazunguka. Basi likianguka mle, hakuna cha kuzunguka. Kura yangu ni ndiyo. Lifungwe."

Sauti ilitoka ukutani, tulivu kabisa.

"Ulishuka lini?"

Dwaine aliinua nyundo, lakini Ardith alikuwa ameshajibu. "Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili," Leland alisema. Alifungua mlango akatoka, na nyuma yake wakatoka karibu wote, viatu vizito vikishuka ngazi kwa muda mrefu. Dwaine alipiga kura yake ya ndiyo mbele ya viti vitupu. Kisha akainama upande wa Ardith, akamwambia kwa ile sauti ya hospitalini, "Karibu kwetu."

Ardith alitamani kumnawisha uso kwa glasi ya maji iliyokuwa mbele yake. Akanywa badala yake.

Asubuhi iliyofuata alikuta mabango yake ya uchaguzi kwenye nyasi za mbele ya nyumba. Yalikuwa arobaini na mawili, yote aliyokuwa nayo Leland ghalani, yamechomekwa ardhini kichwa chini miguu juu, kwa mistari iliyonyooka ya mtu anayejua kupanda mahindi. Alichukua saa nzima kuyang'oa. Magari yaliyopita yalipunguza mwendo ili waliomo wamwone akifanya kazi hiyo.

Agosti ikaenda hivyo. Kanisani, benchi alilokaa lilikuwa lake peke yake. Kwenye duka la ushirika muuzaji alimhudumia vizuri, akamrudishia chenji yake mkononi, asimwambie neno hata moja, hata kuhusu joto la Agosti. Bibi mmoja waliyecheza naye karata kila Alhamisi kwa miaka tisa alimpigia simu kumwarifu kwamba karata zimesimama kidogo. Ardith alipopita siku ya Alhamisi aliona magari manne nje ya nyumba ya bibi huyo. Alimpigia Leland mara tatu. Mara ya tatu Marcene alipokea, akasema, "Yupo, wifi, lakini kwako hayupo," akakata.

Kaunti iliweka vitalu vya zege pande zote mbili za daraja. Vilikaa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mtu alivikuta vimeburutwa pembeni kwa mnyororo, na alama za matairi makubwa zimepita katikati. Vikarudishwa, vikaburutwa tena. Safari hii sherifu alikuwa ameficha kamera kwenye mti, na katika mkutano wa Septemba Dwaine aliwagawia wajumbe picha. Lori la nafaka, limejaa mahindi ya mwaka jana mpaka juu, liko katikati ya daraja mchana kweupe. Dereva alikuwa ametoa kiwiko dirishani kama mtu anayekwenda kuvua samaki. Hata usingeiona sura, kofia ilimtaja Leland.

Ukumbi ulijaa tena. Leland alikaa mstari wa mbele, magoti yamepanuka, Marcene pembeni yake na mkoba mapajani.

"Naleta hoja," Dwaine alisema, "tumwombe mwanasheria wa kaunti amfungulie bwana Hruska mashtaka kwa kila kosa linalowezekana. Kuharibu mali ya umma. Kuhatarisha maisha."

"Maisha ya nani?" Leland alisema. "Nilikuwa peke yangu. Au umenihesabu mara mbili kwa sababu nimenenepa?"

"Nyamaza au utatolewa."

"Nitoe wewe mwenyewe, Dwaine. Njoo na kamati yako."

Naibu wa sherifu akajongea kutoka mlangoni. Bartunek aliunga mkono hoja. Ikawa zamu ya mjadala, na macho ya ukumbi yakamwangukia Ardith, kwa sababu hesabu ilikuwa ile ile.

"Mjumbe Sedlak anaweza kujitoa," Dwaine alisema. "Ni ndugu yake. Au kama ana nia ya kumlinda, aseme, tumwandike."

Ardith aliitazama picha. Aliona kitu ambacho labda Dwaine hakukiona, kwamba lori lilikuwa limeinama kidogo kushoto, na siyo kwa sababu ya mzigo. Daraja ndilo lililoinama. Akaiweka picha mezani.

"Nauliza jambo moja, mwenyekiti. Unataka kumtia Leland adabu, au unataka watu wasipite?"

"Vyote viwili."

"Chagua kimoja. Ukimshtaki, kesi itafika Februari, na kila siku mpaka Februari kuna mtu atafunga mnyororo kwenye zege na kuvuka. Kesho atavuka mwingine mwenye mtoto kando yake. Naomba kurekebisha hoja. Mashtaka yafutwe. Badala yake daraja livunjwe lote, mwanzoni mwa Oktoba. Lisiwepo la kuvuka."

Ukumbi ulivimba kwa minong'ono. Mpango wa awali ulikuwa kulivunja baada ya miaka miwili, na katika miaka miwili watu walikuwa wameweka matumaini yao yote: uchaguzi, fedha za jimbo, mjumbe mwingine. Mtu alisema neno chafu. Mzee Norbert aliinuka akamwambia Ardith kwamba mama yake angekuwa hai angeona haya, na hakukaa mpaka naibu alipomshika bega.

Leland hakuinuka. "Afadhali mngenifunga," alisema, na hilo alilisema kama mtu anayetaja bei, bila hasira. "Ardi. Faini ningelipa. Jela ningelala. Hiyo unayoifanya ndiyo nini?"

"Nakuzuia usife kwa ukaidi."

"Nani alikuomba?"

Marekebisho yalipita kwa kura nne. Kment peke yake alikataa. Dwaine alipiga kura ya ndiyo akiwa amekunja uso, kwa kuwa alipata daraja lakini akamkosa Leland, na hakuwa amezoea kupewa nusu.

Siku ya kuvunja, Ardith alizunguka maili zote kumi na moja kwa pikapu yake ili awe ng'ambo, upande wa wenye kuumia. Ilimchukua dakika ishirini na saba. Barabara ya kaskazini ilikuwa vumbi tupu, na kwenye kona iliyo karibu na shamba la Kment nyuma ya gari iliteleza akaishika kwa shida, yeye aliyeendesha maisha yake yote.

Majirani walikuwa wamekuja na viti vyao. Hakuna aliyesogea kumpisha. Leland alikaa nyuma ya pikapu yake, miguu inaning'inia, na Marcene alikuwa anammiminia kahawa kutoka kwenye chupa.

"Umefuata nini, wifi?" Marcene alisema.

"Kuona."

"Wewe ulishaona tangu Julai. Ulipita getini kwangu ukanipungia mkono na viatu vya marehemu mumeo Rollie vimejaa matope. Nikamwambia Leland, dada yako leo ana haraka."

Ardith alisimama pale pale, mikono mfukoni. Winchi ilinyanyua sakafu ya daraja kipande kwa kipande. Ilipofika kwenye nguzo, walifunga mnyororo kwenye ya kwanza na kuivuta. Nguzo ilipanda nusu, ikakatika hewani bila sauti ya maana, na kipande cha chini kikaangukia kwenye maji kikasambaa. Hakikuelea hata. Walivuta ya pili, nayo ikawa vile vile. Mama kijana aliyekuwa na mtoto wa miaka mitano alimshika mtoto huyo kichwani na kumvutia kwenye sketi yake.

Leland alitazama nguzo zote kumi na mbili zikitoka. Nne zilitoka nzima, nane hazikutoka nzima. Mhandisi alikuwa amehesabu nzima mbili zaidi ya zilizokuwepo. Kahawa ya Leland ilipoa mkononi. Hatimaye alishuka, akamjia Ardith mpaka karibu, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alimtazama usoni.

"Ilikuwa kweli," alisema.

"Ilikuwa kweli."

"Usidhani nimekuja kukuomba msamaha."

"Sidhani."

"Ningeamini, Ardi. Ungeingia jikoni ukakaa ukaniambia, kaka, daraja limeoza, ningepiga kelele, ningekutukana, ningetupa sahani. Kesho yake ningeshuka mwenyewe nikaona. Mimi ningewaambia hawa. Mimi niliyewapelekea ahadi yako, mimi ningewarudishia. Badala yake ukaniacha nisimame mbele ya Dwaine Pospisil na kujifanya mpumbavu kwa dakika tatu, na wewe umekaa pale unajua."

Ardith aliona kidevu cha kaka yake kinatetemeka, na hilo lilimtisha kuliko kelele zote za ukumbini. "Niliogopa," alisema.

"Kuniogopa mimi?"

"Niliogopa kwamba ungenigeuza. Ningekaa pale mezani, Marcene ananiwekea chakula, wewe unalia au unafoka, na ningetoka pale nimeahidi tena. Najijua. Ningewaacha wapite mwaka mwingine kwa sababu yako."

Leland alilifikiria. Upepo ulileta harufu ya mbao zilizooza za mle ndani ya maji, harufu ya kabati lililofungwa miaka.

"Kwa hiyo ulichagua kunitoa mimi kafara."

"Ndiyo."

"Angalau leo umesema." Alimwaga kahawa iliyopoa chini, siyo mbali na viatu vya Ardith. "Nenda nyumbani, Ardi. Njia unaijua, ndefu hiyo."

Mkutano wa Novemba ulikuwa na baridi ndani, kwa sababu boila ya kupasha jengo joto ilikuwa mbovu na bodi ilikuwa imeahirisha kuitengeneza mara tatu. Ardith alileta hoja ya kutandika changarawe mpya kwenye barabara yote ya kaskazini na kuipanua kona ya Kment kabla theluji haijakaa.

"Mwezi wa nane wewe ulikuwa wa kuwabana," Dwaine alisema, "sasa umekuwa wa kuwamwagia fedha. Ng'ambo hawakupendi hata ukiwatandikia zulia, mama."

"Sikuuliza kama wananipenda. Basi la shule linapita pale sasa. Nimeuliza kama linapita salama."

"Kuna mwananchi anayetaka kusema?" Phyllis aliuliza, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize.

Leland aliinuka kutoka mstari wa nyuma. Ardith hakuwa amemwona akiingia. Alikwenda mbele, akataja jina na anwani bila kusubiri kuombwa, na akamtazama karani muda wote.

"Hoja ya mjumbe Sedlak haitoshi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, na neno lile lilimpiga Ardith kifuani kama ubao. "Anajua kuendesha, hajui maji. Kona ile iko chini ya mteremko. Mkitandika changarawe bila kuchimba mtaro upande wa magharibi, na kuweka bomba la inchi ishirini na nne chini yake, ikifika Machi yote itakuwa iko shambani kwa Kment na basi litakuwa mtaroni. Nimemaliza. Dakika mbili zangu zilizobaki mpeni Dwaine, atazihitaji."

Alirudi kukaa. Dwaine alipiga nyundo ingawa hakukuwa na kelele.

"Naongeza mtaro na bomba kwenye hoja," Ardith alisema, kalamu ikiandika kabla hajamaliza. "Upande wa magharibi. Inchi ishirini na nne."

Fenske aliunga mkono. Bartunek alisema ndiyo, akishangaa mwenyewe. Hoja ilipita kwa kura nne kwa moja, Dwaine akikataa. Ardith alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, mstari wa nyuma ulikuwa mtupu. Kupitia dirishani alimwona kaka yake akikwangua barafu kwenye kioo cha pikapu, anakwangua kwa nguvu, mgongo umeelekea jengo. Alimaliza upande wake tu wa dereva, akaingia, akaondoka kuelekea kaskazini.

"Jambo la tano," Dwaine alisema. "Boila."

Ardith alifungua ukurasa unaofuata.